Ukame wa Usiku Mmoja

Walimleta kwa mkokoteni wa punda
kutoka mizabibu ya Hombolo,
Ndahani mwana wa Chilongani,
mate yakimchuruzika hadi kifuani,
jasho, machozi, kila tundu la mwili likitoa maji,
kana kwamba mvua zote tulizonyimwa miaka mitatu
zilikuwa zimejificha ndani yake.

Bomba la mgongoni lilivuja tangu asubuhi.
"Nilidhani jasho," alisema, kisha ulimi ukagoma.
Nikammulika: mboni kama tundu la sindano.
Hapo nikajua aliyeingia ni nani.

"Dawa ya kuua kidudu," akauliza Nyemo, mkewe,
"inamtafutia nini mtu mzima?"

Nikamweleza nilivyoweza, mikono ikiwa kazini:
Neva ikitaka msuli ukaze humwaga ujumbe,
punje, kama mahindi sakafuni Kibaigwa.
Pale ufani yupo mfagiaji, protini moja,
haonekani, halipwi,
anafagia punje maelfu kwa kufumba jicho
ili msuli ulegee, usikie neno jipya.
Sumu haimpigi.
Inamshika mkono tu,
mkono uleule wa kufagia,
inamng'ang'ania kama ulimbo.
Punje zinarundikana. Amri ni ileile,
kaza kaza kaza,
hadi msuli hauelewi tena
na kifua kinasahau zamu yake.

Nyemo akatazama ufagio kwenye kona ya wodi.
Hakusema kitu.

Nikadunga atropini. Nayo ni kizuizi, sikufichi:
inakaa mlangoni pa msikilizaji,
inamziba sikio kelele isimfikie.
Mfagiaji haimfungui. Inanunua saa.
Dozi. Dakika tano. Dozi maradufu.
Sikio langu kifuani pake: bado maji yanatokota.

Sisi watu wa nchi kavu,
tunaohesabu mawingu kama wadeni wetu,
usiku ule tuliomba ukame.
Nyemo alipitisha kidole mdomoni mwa mumewe.
"Bado."
Akapitisha tena. "Bado."
Karibu na alfajiri kidole kikatoka kikavu,
akakiinua juu kama kimevishwa pete,
akacheka peke yake.

Atatetemeka wiki kadhaa.
Walioshikwa na ulimbo hawarudi kazini;
seli itawafinyanga wengine, mmoja mmoja,
kwa uji wa uwele na usingizi.

Sasa anaomba maji. Nakwenda kuchota,
na kupitia dirishani naliona bomba
juu ya mkokoteni, bado linadondosha,
na punda amegeuza shingo, ametoa ulimi.

Natoka mbio.