Makombo ya Sauti

Studio yetu ni chumba cha ghorofani, Mwembe Tayari,
juu ya duka la magodoro.
Kuta tumezivika sponji za mwenye duka,
zile zilizokatwa upogo zisiuzike,
na wakati wa kurekodi feni huzimwa,
kwa hivyo mabingwa wote waliopita hapa
wamezungumza wakichuruzika jasho.

Bi Saumu huuliza. Mimi, Mghoi, hukata.
Kikohozi, toa. Kiti kilicholia, toa.
Honi ya tuktuk katikati ya tarehe, toa, rudia.
Dakika ishirini na nane, isizidi hata pumzi.

Wanasema kuuliza si ujinga.
Sijasikia walisema nini kuhusu kujibu.

Alikuja Dakta Mbeyu Kalume,
miaka kumi na tisa katika mikoko ya Tudor
akihesabu kaa, tope likimfika kiunoni.
Akatueleza gando, gamba, dume na jike,
akasema yuko kaa mdogo apandaye mti
kabla maji hayajaanza kujaa.
"Kabla? Nani humwambia?"
Daktari akanyamaza, akachezea kifuniko cha kalamu.
"Sijui."
Bi Saumu akanitazama kupitia kioo,
vidole viwili: mkasi.

Akaja Bwana Zubeir Mwijaa, mwanahistoria,
mkoba wake ukinuka dawa ya nondo.
Anaijua Kibokoni nyumba kwa nyumba:
nani alimuuzia nani, kwa riale ngapi, shahidi nani,
mlango upi ulihamishwa usiku kwa kuogopa kesi.
Lakini kile kisima nyuma ya ukuta,
kilichojazwa mawe hadi mdomoni?
"Hakimo katika hati yoyote.
Labda maji yaligeuka chumvi. Labda…
sijui, binti yangu."

Mkasi.

Na mtunzi wa riwaya, Mwanamkuu Athman,
aliyekula viazi karai kabla ya mahojiano
akaacha doa la ukwaju juu ya kitabu chake mwenyewe.
"Yule mama wa sura ya tatu, aliyekwenda kununua mafuta ya taa,
mbona hakurudi?"
"Hata mimi nilimngoja.
Hadi ukurasa wa mia mbili nimemwachia mlango wazi.
Sijui alikokwenda."

"Msikilizaji hataki bingwa asiyejua," asema Bi Saumu.
"Asiyejua anaye nyumbani kwake."
Kweli. Nami ni mwajiriwa. Nikakata.
Ila sikutupa. Nilifungua faili, nikaliita Makombo,
nikawa natia humo kila sijui
pamoja na kimya kilichoitangulia,
maana kimya nacho hakifanani:
cha Daktari kina kunguru,
cha Bwana Zubeir kina mate yakimezwa,
cha Mwanamkuu nusura kiwe kicheko.
Miaka minne: dakika kumi na moja na kidogo.

Jumanne ile mgeni wetu, bingwa wa nyota,
alikwama Likoni, feri imezima injini.
Saa nne kamili asubuhi. Taa nyekundu imewaka.
Bi Saumu mikono kichwani.
Nikabonyeza Makombo.

Sijui. Kunguru. Sijui, binti yangu.
Hata mimi nilimngoja.
Dakika kumi na moja za watu waliosoma
wakivuta pumzi ukingoni.

Nilikwisha kuanza kuhesabu vitu vyangu,
kikombe, kanga ya kujifunika, chaja,
simu ikalia. Fundi wa bati, Majengo, hakutaja jina.
"Hicho kisima alokifukia ni babu yangu.
Si chumvi. Mtoto alitumbukia, wa jirani,
na hapana aliyetaka kuyanywa tena yale maji."

Bi Saumu akauliza, kwa mazoea tu:
"Mwaka gani? Na kina chake je?"
Upande wa pili nyundo ya mtu mwingine
ikagonga bati, mara tatu, mara nne.
"Hapo sijui," akasema.
"Lakini babu akisema yalikuwa baridi."

Vidole viwili vya Bi Saumu vikainuka,
vikasita,
vikachukua kalamu.