Kabla ya Mizani

Diski yenyewe nyeusi, nzito kama kibao cha mbuzi,
na ndani yake harusi mia moja na arubaini
za Amu, upande wa wanawake.
Mimi ndiye Barke, mpiga picha wa ndani:
mlango ukishakomewa, simu zikishatiwa kapuni,
kamera ni yangu peke yangu.
Mabuibui yanatundikwa, nywele zinashuka, vikuba vinanukia,
na mwalimu wa chuoni anacheza
mpaka kisigino cha kiatu kinakatika.
Nimeyaona. Nimeyanyamazia.

Sasa diski inalia, tik, tik, kama mjusi darini.
Mnunuzi wa vyuma hupita Jumatatu na punda wake,
hununua chochote, huuliza kidogo.

Twalib akasema, "Khaleti, nimeshafuta."
Nikamwambia, hebu fungua ile programu ya kurudishia.
Kahawa haijapoa, wakaanza kurudi:
kwanza mkono wenye hina, bila mtu,
kisha nusu ya keki,
kisha bibi harusi wa Mkomani, meno yote nje,
anacheka kana kwamba hakuna aliyemfuta.
Twalib akageukia ukuta upesi. Mtoto ana adabu.
Kumbe kufuta ni kung'oa namba ya nyumba:
nyumba ipo, watu wamo, taa inawaka.

Nikapiga simu siku nne.
Ukitaka yako njoo na flashi; hutaki, naivunja.
Wengi walisema vunja.
Mmoja, aliyeachwa, alisema vunja mara mbili.
Mmoja aliuliza kuvunja ni bei gani.

Bi Mwanatumu wa Langoni hakuja na flashi.
Alikuja na kofia anayoishona, sindano midomoni,
akaketi. Nikamwekea harusi ya Nasra wake,
Nasra aliyetutoka uzazini, mwaka haujatimia.
Dakika arubaini na moja. Hakulia.
Pale Nasra anapomlisha mamake keki
alikohoa kidogo, kama aliyepaliwa.
"Nikunakilie?"
"Nikiwa nayo nitaitazama kila siku.
Na siku nikifa mimi, ataitazama nani?"
Akavuta uzi, akaukata kwa meno.
"Izime, Barke."

Nikaandika sufuri usiku ule.
Sufuri juu ya hina, sufuri juu ya vikuba,
sufuri juu ya kisigino, juu ya vigelegele,
sufuri, sufuri,
hata saa nane kasorobo umeme ukakatika
kwenye asilimia sitini na tatu.
Nikakaa gizani nikijiuliza ni nani waliobaki
katika ile thelathini na saba,
wamejikunja wapi, wamevaa nini.
Asubuhi nikaanza upya, kutoka mwanzo.
Amana haina nusu.

Kisha kwa fundi Famau, kati ya milango isiyokwisha.
Skrubu zake zina vichwa vya nyota, tulihangaika.
Kifuniko kikatoka: sahani tatu,
na sikujua, wallahi, kwamba ni vioo.
Nilijiona uso, na nyuma ya bega langu Bi Mwanatumu,
aliyenifuata bila kusema anakuja.
Famau ameshika keekee, ananitazama.
Mkono wangu ukawa mzito.
"Toboa," akasema yeye, si mimi.
Chenga za madini zikaangukia chenga za mbao,
na vile vioo vikaacha kutuonyesha.

Mwenye punda alipima, akanuna.
"Imeharibiwa hii."
"Ndiyo," nikasema, "imeharibiwa."
Akanipa shilingi ishirini.

Zilisalia sumaku mbili mezani kwa Famau.
Bi Mwanatumu aliiokota moja, ikamnyang'anya sindano
vidoleni, tap!
akashtuka, akacheka, mkono mdomoni.
"Na hii, haikumbuki kitu?"
"Haikumbuki kitu."
Akaigeuzageuza, akaifunga kwenye ncha ya leso
pamoja na sindano yake.
"Basi itanifaa," akasema. "Huziangusha kila siku."