Hodi, Mlango wa Mia Tatu

Kiwanda cha chai, Mufindi, saa nane usiku.
Ukungu umeingia mpaka chumba cha mizani,
nami nimevaa makoti mawili, kidole
juu ya kitufe. Sijabonyeza.

Ndani ya sanduku hili kuukuu kuna kadi.
Ngapi, sijui. Karatasi zake zililiwa na panya.
Moja hupima majani mabichi,
moja hulinda joto la kikaushio,
na nyingine, asema fundi Nyagawa, "ipo tu, usiiguse."

Mwezi uliopita niligusa.
Niliandika kiendeshi cha mtu mwenye haraka:
kuanzia sufuri, kila mlango teke,
nani yumo, nani yumo, nani yumo.
Mlango wa mia mbili na themanini ukadhani ni amri.
Mizani ikasahau sufuri yake.
Asubuhi Oresta Ng'umbi akaweka kapu,
kilo kumi na nane zilizopanda na mgongo wake,
kioo kikasoma: tatu.

Hakupiga kelele.
Alilishusha kapu, akalipandisha tena,
kama anayempa mtoto nafasi ya kusema kweli.
Tatu.

Tangu siku hiyo najifunza kupiga hodi.

Mashine mpya zina mjumbe wa nyumba kumi:
daftari lake lina kila kaya,
ukoo, namba ya nyumba, anakula nini.
Unamuuliza yeye, humsumbui mtu.
Hii haina mjumbe. Humu kila mmoja alijenga alipopenda.

Basi naanza kwa kiini: mlango huu una mwenyewe?
Kama umeshashikwa, napita.
Kisha nasoma, siandiki,
ingawa hata kusoma si bure;
kuna rejista ukiichungulia mara moja
inasahau ilichotaka kusema.

Zikirudi moja tupu, biti zote nane,
hakuna mtu, ni upepo kwenye bati.
Ondoka. Usijiambie labda amelala.

Kikirudi kingine, bado si ndugu.
Ndipo naandika, neno moja lisilo amri:
kamwene.
Nangoja kwa saa yenye mwisho,
maana angojaye bila kuhesabu
huganda mlangoni, na kiwanda kizima kikaganda naye.
Akiitikia, nasalimia tena kwa kinyume chake,
kwa sababu hata bonde hurudisha sauti
na ndani yake hamna mtu.

Nikikosea, kiti nakiacha kilipokuwa.

Nabonyeza.
Mia tatu. Kimya. Hesabu inashuka.
Kamwene.
Kinyume chake: kamwene, imegeuzwa vizuri.
Kikaushio kinaendelea kunguruma kama hakuna aliyekuja.

Mia mbili na themanini nimeiruka.
Juu ya mstari huo wa msimbo nimemwachia maelezo
yeyote atakayeshika kazi hii baada yangu:
usipige hodi hapa.
Hapa pana mgongo wa mtu.