Orodha kwa Penseli

Juzi nilikuwa na timu. Leo nina jezi,
kumi na mbili, kwenye kamba nyuma ya bweni,
zinavimba kwa upepo wa Loleza
kana kwamba zimeshapata miili.

Watano wamemaliza. Hao niliwatarajia,
nikawabebea mabegi hadi stendi ya Nane Nane.
Wawili wamehama.
Sekela aliniaga kwa ujumbe mfupi:
*Mwalimu, huku Dodoma uwanja una paa.*
Nikatazama juu. Kweli, sisi hatuna paa.
Tuna mawingu, na ikifika Machi
yanaingia uwanjani bila kuvua viatu.

Basi nimepiga mistari kumi na miwili kwenye daftari,
kwa penseli; wino uliniumbua mwaka jana.

Mstari wa kwanza ni Tumpe. Magoti mabovu, maneno machache,
lakini kabaki,
na kubaki nako ni kipaji.
Wanne wengine wamebaki kwa sababu zao, siwaulizi.

Wa sita kaja mwenyewe na faili kwapani:
Skolastika Mlelwa, kutoka chuo cha Morogoro,
miaka miwili akilipasha moto benchi la watu.
Msajili anataka barua ya kuachiwa,
matokeo yenye muhuri, picha mbili za pasipoti.
Mimi nilitaka audunde mpira hadi golini na kurudi.
Akaenda bila kuutazama mpira.
Akarudi akinitazama mimi.

Wa saba na wa nane ni mapacha wa Tukuyu.
Nilimtaka mmoja.
Walishuka na begi moja.

Bupe nimemtoa mpira wa pete.
Akidaka, anasimama; miaka sita kafundishwa kusimama.
Tembea nao, namwambia, hapa ruksa.
Anadunda mara moja, anaomba radhi.

Wa kumi hajui kwamba ni wa kumi.
Nilimwona Mwanjelwa, likizo hii, akimsaidia mjomba
kurusha kabichi juu ya lori: moja, moja, moja,
zote zinatua mikononi mwa aliye juu.
Anasoma uuguzi, hapa hapa chuoni.
Nilinunua kabichi nne nisizozihitaji
ndipo nikapata ujasiri wa kumuuliza
jioni huwa anafanya nini.

Jumamosi nilipita njia ya Isyonje, nikapanda hadi Makete,
kwa fununu tu: yupo binti kamaliza kidato cha sita,
anachuma parachichi bila ngazi.
Nikamkuta na ndoo, futi tano na ushee, kama mimi.
Mwenye kuchuma ni bibi yake.
Bibi akatoka ndani ameinama, akapita mlango,
akanyooka,
akaendelea kunyooka.

Niliahidi ninachoweza: nusu ada, kitanda cha juu,
viatu, ikiwa mguu wake ni namba arobaini.
Bibi akauliza, Na mpira ukiisha?
Nikasema, Atakuwa mwalimu wa hesabu.
Na mkifungwa?
Nikasema, Atakuwa mwalimu wa hesabu.
Bado nakua, akasema binti,
kwa sauti ya mtu anayelipa deni kidogo kidogo.
Edina Sanga. Nimemwandika wa kumi na moja,
na pembeni, kwa herufi ndogo: *bibi.*

Mstari wa mwisho ni mweupe.
Nimeufuta mara tatu, karatasi imeanza kutoa manyoya.

Jana usiku simu. Sekela.
Akaniuliza habari za magoti ya Tumpe, habari za baridi,
kama yule mbwa wa mlinzi bado anaiba soksi.
Nikasikia nyuma yake mipira ikilia chini ya paa,
mwangwi mkubwa, kama wako mia.
Kisha: Namba saba umempa nani?

Bado haijakauka, nikamwambia.
Mbeya unaijua, mwezi wa saba.

Imekauka tangu Jumanne.