Somoe Anakufa Tena

Nimemwona Somoe Nampoto akifa mara kumi na moja,
kila kifo shilingi mia mbili,
kwenye kibanda cha video cha shemeji yangu Chitanda, Newala,
kuta za mabati, jenereta nje likikohoa
kama mgonjwa wa wodi namba tatu.
Mimi ndiye niliyeshika mlango.

Amekufa kwa sumu ndani ya chai.
Amekufa kwa kusukumwa ngazini,
nyumba ya kukodi, ngazi za watu.
Kwa wivu, kwa radi,
na mara moja, nadhani mwandishi alikuwa amechoka,
alikufa tu,
katikati ya sentensi, mwiko mkononi.

Watu husema kipaji kilionekana Ndanda, shuleni,
kwenye ngonjera ya siku ya wazazi.
Uongo. Nilikuwepo. Alisahau beti mbili,
akatazama juu, akanyamaza,
na sisi sote tukatazama juu
kutafuta alichokiona.
Labda ndiyo hapo.

Mjini walimwambia: dada, sura unayo,
ila hiyo lafudhi iache stendi ya Masasi.
Akaiacha.
Miaka minne akasema kama redio:
"Shikamoo mama. Chakula tayari."
Filamu nzima, mstari huo huo.
Mpaka siku alipoweka pumzi kabla ya "tayari",
pumzi ndogo,
ya mtu anayejua chakula kina nini.
Wakampa mistari mitatu.

Mwaka ule korosho zililipa
ikaja ile ya mchawi.
Walimchora chale kwa masizi,
wakambandika ndonya:
kizibo cha soda, gundi, rangi ya viatu.
Kibanda kilijaa mpaka dirishani.
Bibi yake, Nanjota, aliletwa akakaa mbele,
ndonya yake ya mpingo ikimeta kwa mwanga wa televisheni.
Nikasema moyoni, leo patachimbika.
Somoe akatokea, akacheka kile kicheko,
watoto wakajificha migongoni mwa wenzao.
Bibi akasogea. Akatazama. Akasogea tena.
"Imekaa upande," akasema.
"Na nani kamfundisha kunywa vile? Atalowa kifua."

Basi. Hakuongeza.
Kesho yake alimpa dereva wa basi kifurushi,
kitambaa, fundo juu ya fundo,
akarudi nyumbani
mdomo umelegea, unapitisha upepo.

Filamu iliyofuata, mchawi tena; ndivyo mikataba ilivyo.
Ila mtazame anavyokunywa maji:
kichwa ameinamisha, kiganja chini ya kidevu,
bila haraka, kama Nanjota kila asubuhi.
Mwongozaji alitaka kicheko.
Yeye akasalimia.
Wakamuua hata hivyo, dakika ya themanini, kwa maombi.
Kibanda kizima kikanuna. Mtu mmoja alidai hela yake
nami nikamrudishia.

Sasa amerudi. Magoti mabovu, masanduku mawili,
anamdai mtayarishaji aliyebadilisha namba ya simu.
Ana vyumba viwili njia ya Shimo la Mungu:
bati la mbele lililipwa na sumu,
la nyuma na radi.
Lafudhi, anasema, aliikuta palepale stendi,
hakuna aliyeiiba.

Mtoto wa jirani alimkuta dukani, akaganda.
"Wewe si ulikufa jana?"
"Nilikufa. Leo nimefuata chumvi."

Ijumaa huja kibandani. Hela yake naikataa,
ananitumbukizia mfukoni:
tiketi ni tiketi.
Hukaa benchi la mwisho, mguu ameunyoosha.
Ile diski ina mkwaruzo. Picha inakwama,
uso wake umejaa kioo, mdomo wazi nusu,
neno halijatoka.
Watu wanapiga kelele: futa! futa!
Naipangusa kwa pindo la shati, mikono inatetemeka, sijui kwa nini,
na nyuma kule gizani
nasikia mtu akilimalizia lile neno,
polepole, kwa lafudhi ya huku.