Masahihisho

Sijawahi kumwona Vendel Szalkai.
Naijua saini yake, iliyolala kidogo kushoto,
na najua kwamba fomu ya ridhaa tuliyompa
aliirudisha na masahihisho matatu kwa kalamu nyekundu:
koma iliyopotea, neno lililoandikwa mara mbili,
na "mgojwa", ambapo aliichomeka n yake
kwa ile alama ya wapiga chapa, kijimkia juu ya mstari.
Pembeni akaandika: Miaka arobaini kiwandani, hapa Szeged.
Nilipanga herufi za risasi. Samahani, mkono haujastaafu.

Ndivyo alivyoingia maabarani kwangu,
kipande cha pafu kisichozidi punje ya mtama,
chenye namba badala ya jina,
Januari, mto Tisza umeganda kingoni
na tramu ikisaga meno kwenye kona ya hospitali.

Nilimsoma usiku kucha. Mashine hutema herufi nne tu,
zilezile, zilezile, maelfu kwa maelfu,
hadi kwenye jeni moja, neno la kumi na mbili:
palipopasa kuwa G, pamekaa T.
Basi. Ndilo kosa zima.
Glisini imeinuka kitini, sisteini imeketi,
na protini iliyozaliwa iwe kitasa,
fungua, funga, fungua, funga,
imesahau nusu ya kazi yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, tunaambiwa.
Hiki hakikuwa nguoni. Kilikuwa katika uzi.

Herufi moja kukosa, mlango haufungiki,
Seli yajaa hamasa, kugawika haichoki,
Yasikia ni ruhusa, neno "basi" halishiki,
Na hapo penye makosa, dawa haidanganyiki.

Kwa maana sisteini ina salfa,
ileile inayonuka kwenye yai viza,
na salfa, ukiijulia, ni ndoano.
Walimu wangu walisema protini hii ni gololi ya kioo,
haina pa kushika, katafuteni kazi nyingine.
Kumbe kosa lenyewe ndilo mpini.
Molekuli yetu hupita kwenye seli nzima bila kubisha hodi,
inazikuta zilizo salama, inazisalimu, inakwenda zake,
kisha inanasa pale, pale tu, na haibanduki.
Jumatatu seli zilibanana kwenye sahani kama abiria wa mwisho.
Alhamisi ungeweza kuzihesabu.

Mwezi Mei daktari Emőke Baráth alinipigia simu:
uvimbe umesinyaa nusu, mzee anapanda ngazi,
anaomba kuisoma ripoti yetu kabla haijachapwa.
Tulimpelekea. Ilirudi nyekundu.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini seli hazisomi mashairi.
Zilipofungiwa mlango, zilitoboa ukuta.
Novemba kikaja kipande kingine, punje ileile,
namba mpya, saini imelala zaidi,
na ndani yake nikakuta njia ya mchepuko,
jeni jirani ikipiga kelele
kwa niaba ya ile tuliyoinyamazisha.

Sasa tunachanganya dawa mbili.
Sahani tisa zimegoma.
Moja, tangu jana, iko kimya.
Siuamini ukimya wa siku moja;
nimezima taa ya hadubini, nikaiwasha tena,
nikanawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Jaribio jipya linataka ridhaa mpya.
Fomu nimeichapa mwenyewe, nimeisoma mara nne,
koma zote zipo, kila mgonjwa ana n yake.
Kisha, ukurasa wa pili, mstari wa tano,
nimeacha kosa moja makusudi,
na ndani ya bahasha nimetia kalamu nyekundu.