Kigoda cha Miguu ya Kioo

Siku ya tisa, moshi umekaa bondeni
kama mgeni asiyejua kuaga.
Jua lina jicho la mlevi.
Kipimo cha hewa kinasoma mia mbili na kumi;
nimekigeuzia ukutani.

Huko chini Fortunato Huamaní,
wa Huancayo, anachunga kondoo wa tajiri wa Idaho,
kitambaa kibichi puani.
Kila jioni redioni: "Marlys, unaniona?"
"Sikuoni. Nasikia kikohozi chako."

Leo alasiri mawingu yakapanda,
ngurumo bila tone.
Nikazima redio, nikapanda kigodani,
miguu yake minne imevaa vikombe vya kioo,
magoti kifuani, nywele zikisimama zenyewe:
mwanamke wa miaka sitini na mbili
ametulia kama kuku anayeatamia.

Radi ikahesabu vilele.
Halafu upepo. Upepo wa kweli!
Moshi ukang'oka:
hema jeupe, mbwa wawili,
kondoo kama mchele uliomwagika,
na yeye, anapunga kofia, anapunga.

Nyuma yake, kwenye misonobari,
uzi mmoja wa kijivu, mpya.

Nikawasha redio.
"Fortunato, sasa nakuona.
Acha hema. Shuka mtoni."